Kuchagua Meli ya Kitalii Ukiwa Mombasa: Namna ya Kulinganisha Huduma, Chakula na Hali ya Melini

Meli za kitalii zinazofunga gati Kilindini wakati wa kaskazi nyingi hupita tu. Abiria wake walipandia kwingine na watateremkia kwingine. Mkaazi wa Mombasa anayetaka kusafiri nazo kwa kawaida huanza kwa ndege: Durban, Dubai, Jeddah, Singapore au Barcelona. Ukishafika huko na kugundua kwamba meli si ya mtu wa aina yako, huna la kufanya ila kuhesabu siku zilizobaki. Ndiyo maana kazi ya kulinganisha ifanyike nyumbani, kabla hujatoa arubuni.

Usilinganishe majina ya kampuni. Linganisha meli moja, tarehe moja na bandari moja ya kupandia dhidi ya nyingine. Kampuni moja inaweza kuwa na meli ya miaka ishirini yenye kumbi mbili za chakula na nyingine mpya yenye kumbi zaidi ya kumi. Hata meli ileile hubadilika: safari ya usiku tatu kutoka Durban kwenda Pomene huko Msumbiji ni karamu tupu, na safari ndefu ya meli hiyohiyo huwa tulivu kwa sababu walioipanda ni wengine.

Hali ya melini kwanza

Watu wengi huanza na bei, wakaja kulalamika juu ya kelele. Hali ya melini inaundwa na mambo manne: urefu wa safari, bandari ya kupandia, kalenda ya shule, na sheria za kampuni yenyewe.

Safari za usiku tatu hadi nne huvuta vijana na makundi ya marafiki. Baa hujaa na muziki hukesha. Za usiku saba huchanganya familia na wanandoa. Kuanzia usiku kumi na nne kwenda mbele, wengi ni wastaafu, na ikifika saa tano za usiku vijia vimenyamaza.

Kalenda tazama mbili, yako na ya wenyeji wa bandari. Likizo ya Agosti huku Kenya huangukia kilele cha msimu wa Bahari ya Kati, na wiki ya Agosti 15, sikukuu ya Ferragosto, Waitalia wako mapumzikoni; bei hupanda na mabwawa ya kuogelea hayaonekani maji. Likizo ya Desemba nayo hukutana na ya Afrika Kusini, na kwa misimu mingi kampuni ya MSC imekuwa ikiweka meli Durban kati ya Novemba na Machi. Ukiwa na watoto hilo ni jema, watapata wenzao. Ukitaka utulivu, sogeza hadi mwishoni mwa Januari au Februari.

Kisha sheria za kampuni. Viking na Virgin Voyages hazipokei abiria chini ya miaka 18. Viking haina kasino kabisa, wala Disney haina. AROYA ya Saudia, iliyoanza safari zake kutoka Jeddah Desemba 2024, haiuzi pombe kabisa, na kwa familia nyingi za Pwani hilo peke yake hufunga mjadala. AIDA huendeshwa kwa Kijerumani. Usipande kama lugha hiyo huijui, utakosa nusu ya burudani. Cunard hutarajia abiria wavae vizuri baada ya saa kumi na mbili jioni, na huwa na usiku wa gala wenye mavazi rasmi zaidi. Kwa MSC na Costa katika Bahari ya Kati, abiria hupanda na kuteremka karibu kila bandari na matangazo hurudiwa kwa lugha kadhaa. Wengine huona ni uchangamfu. Wengine baada ya siku mbili hutafuta pamba ya masikio.

Kipimo kizuri kuliko picha za kampuni ni ratiba ya siku ya meli. Kila meli hutoa karatasi hiyo, siku hizi pia ndani ya programu ya simu. Ya Royal Caribbean huitwa Cruise Compass, ya Norwegian ni Freestyle Daily. Abiria huzipiga picha na kuzitia mtandaoni. Tafuta ya meli yako, ya mwezi uleule wa mwaka uliopita, kisha weka alama kwenye kila jambo ambalo wewe mwenyewe ungehudhuria kati ya saa nne asubuhi na saa sita usiku. Chukua ratiba ya siku ya baharini, si ya siku ya bandari, maana siku ya baharini ndiyo huonyesha meli ilivyo. Ukipata alama chini ya tano, meli hiyo si yako hata ikiwa rahisi. Ukiona mnada wa picha za kuchorwa, semina ya vito na ofa ya saluni zimejaza mchana, ujue burudani yenyewe ni kuuziwa vitu.

Chakula: maswali ya kuuliza kwa maandishi

Uliza kwanza mfumo wa kula. Ukumbi mkuu wa kawaida una zamu mbili: ya mapema kati ya saa kumi na moja na nusu na kumi na mbili jioni, na ya pili karibu saa mbili au mbili na nusu usiku. Meza ni yako safari nzima na wahudumu ni walewale. Ikifika usiku wa tatu wanajua nani hali pilipili. Norwegian iliachana na zamu tangu 2000, unakula saa upendayo, ila siku zenye shoo kubwa utapanga foleni. Disney huwahamisha abiria kati ya kumbi tatu na wahudumu wao wakiwafuata. Virgin haina bafe kabisa. Kwenye Queen Mary 2 ya Cunard, daraja la chumba chako ndilo huamua ukumbi: Britannia, Princess Grill au Queens Grill.

Zamu ya mapema ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaisemi. Katika siku za bandari meli mara nyingi huondoka kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, wakati ambapo watu hupenda kuwa sitahani wakitazama pwani ikienda. Anayekula mapema hukosa hilo, au hukosa kitangulizi. Na kwa Muislamu, zamu hiyo hugongana na magharibi katika bandari nyingi wakati wa baridi.

Sasa halali, maana hapa ndipo watu hudanganyika. Jibu la "tuna vyakula visivyo na nguruwe" si jibu. Andika barua pepe kwa kampuni yenyewe, si kwa wakala pekee, uulize haya: je, nyama na kuku vina cheti cha halali, au ni samaki na mboga tu ndivyo nitakavyopewa? Je, vikaango, mbao za kukatia na mafuta ya kukaangia ni vya pamoja? Je, mchuzi wa nyama hupikwa kwa mvinyo? Je, vitamutamu vina jelatini ya nguruwe? Je, huduma hiyo iko ukumbi mkuu tu au na kwenye bafe pia? Mafuta ya kukaangia ndiyo husahauliwa zaidi: samaki wako ni halali, viazi vyako ni halali, lakini vimepita mafuta yaliyotangulia kukaanga kitu kingine.

Maombi ya chakula maalumu huhitaji muda, mara nyingi kati ya siku 30 na 90 kabla ya kuondoka, kwa kuwa shehena ya meli hupangwa mapema. Wanaopanda kutoka Singapore watakuta Genting Dream ya Resorts World Cruises ina huduma ya chakula iliyothibitishwa halali, na AROYA chakula chake chote ni halali. Nyingine kubwa za Marekani na Ulaya, chukulia kwamba jikoni ni la pamoja mpaka waandike kinyume. Msafiri wa Ramadhani aulize pia kama watapeleka daku chumbani. Huduma ya chumbani usiku mara nyingi huwa ni sandwichi, na kwenye kampuni nyingine hutozwa kila unapoagiza.

Maji nayo yaulizie. Kwenye Royal Caribbean maji ya mezani, chai na kahawa ya kawaida ni bure. Kampuni za Ulaya kama MSC na Costa kwa kawaida hutoza maji ya chupa mezani, ingawa ya mashine kwenye bafe hayalipiwi wakati wa kula. Kwa familia ya watu wanne, hapo pesa hutoka bila kuonekana.

Kuhusu usafi wa jikoni, meli zinazoingia bandari za Marekani hukaguliwa na mpango wa usafi wa meli wa CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, na alama hutangazwa hadharani. Alama ni kati ya 100. Ikipata 85 au chini, imefeli. Isome ripoti yenyewe, si namba peke yake: makosa ya vigae vilivyovunjika si sawa na chakula kilichoachwa kwenye joto lisilofaa. Na popote utakapopanda, nawa kwa sabuni kabla ya bafe. Dawa ya kupaka mikononi haiui vizuri kirusi cha noro, ambacho ndicho huwalaza watu chumbani kwa kuhara na kutapika.

Huduma

Kati ya kampuni kubwa za bei ya kati, huduma hutofautiana kidogo kuliko matangazo yasemavyo. Wafanyakazi hutoka nchi zilezile na wengi wamewahi kuhama kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kinachotofautiana ni idadi ya watu wanaomgawana mhudumu mmoja, na nafasi ya kupumua. Vipimo viwili hutosha.

Cha kwanza, gawanya abiria kwa wafanyakazi. Cha pili, gawanya ukubwa wa meli, huandikwa GT na ni kipimo cha ujazo si uzito, kwa abiria. Tumia idadi ya abiria wawili kwa chumba. Tovuti nyingine huandika idadi ya juu kabisa, na ukichanganya hizo mbili hesabu yote huharibika.

MSC Musica: GT 92,409, abiria 2,550, nafasi 36 kwa mtu.
Icon of the Seas: GT 248,663, abiria 5,610, nafasi 44.
Viking Star: GT takriban 47,800, abiria 930, nafasi 51.
Queen Mary 2: GT 149,215, abiria 2,691, nafasi 55.

Chini ya 35 utahisi msongamano kwenye lifti na bafe. Juu ya 50 utapata kiti popote. Kwa wafanyakazi, abiria wawili kwa mmoja ni kuzuri sana, wawili na nusu ni kawaida, watatu ni subira. Namba ya Icon isikupumbaze, lakini. Sehemu kubwa ya nafasi hiyo ni mabwawa, maporomoko na kumbi za shoo, na watu elfu tano huteremka gatini asubuhi moja. Vilevile, meli zenye eneo la vyumba vya fahari, kama Yacht Club ya MSC au Haven ya Norwegian, zimefungia sehemu ya sitaha nzuri kwa wachache. Anayelala chumba cha kawaida haihesabu nafasi hiyo.

Uliza chumba husafishwa mara ngapi. Kampuni kadhaa kubwa zimepunguza kutoka mara mbili kwa siku hadi mara moja. Na kama una mpwa au jirani anayefanya kazi melini, hapo Likoni, Changamwe au Kisauni hawakosekani, usimuulize kama meli ni nzuri. Muulize mhudumu mmoja hubeba vyumba vingapi na mkataba ni wa miezi mingapi. Majibu hayo mawili hueleza tabasamu la mezani.

Chumba chenyewe kitazame kwenye ramani ya sitaha: juu yako pasiwe na bafe wala bwawa, maana viti huburutwa alfajiri. Karibu na omo, yaani mbele ya meli, kuna kelele za mitambo ya kusukuma meli ubavuni inapokaribia gati. Katikati ya meli, sitaha za chini, ndiko hutikisika kidogo.

Hesabu ya mwisho

Wazee husema rahisi huvunja upishi. Weka bei mbili kwenye karatasi moja. Tuseme watu wawili, usiku 7. Meli ya kwanza dola 700 kwa mtu, jumla 1,400. Ongeza bakshishi inayokatwa yenyewe kila siku. Kampuni kubwa za Marekani hutoza karibu dola 16 hadi 20 kwa mtu, chukua 18, ni 252. Intaneti ya simu moja dola 18 kwa siku, 126. Soda, juisi na kahawa dola 15 kwa mtu kwa siku, 210. Usiku miwili kwenye mkahawa wa kulipia, dola 45 kwa mtu, 180. Umefika 2,168. Meli ya pili dola 1,150 kwa mtu, yote hayo yakiwemo, ni 2,300. Tofauti ya dola 900 imebaki 132.

Angalizo kwa asiyekunywa pombe: vifurushi vya "vinywaji vyote" unavyoona vikitolewa kama zawadi vimewekewa thamani ya pombe. Uliza bei bila kifurushi, au kifurushi cha vinywaji baridi. Baadhi ya kampuni, Royal Caribbean ikiwemo, hutaka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue cha pombe mmoja wao akikinunua. Anayesafiri peke yake naye ajue kwamba nyongeza ya chumba inaweza kufika asilimia 100.

Visa huharibu hesabu nzuri. Afrika Kusini haimdai Mkenya visa kwa hadi siku 90 kwa mwaka tangu Januari 2023, ila beba cheti cha homa ya manjano. Kwa safari inayotoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye visa moja ya pamoja, ikapita Tunis au Istanbul na kurudi, omba visa ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya Dubai hali kadhalika, ikiwa meli itagusa Oman au Qatar.

Barua pepe ya chakula ichapishe ubebe nakala. Siku ya kupanda, kabla ya kufungua sanduku, muone msimamizi wa ukumbi mkuu umwonyeshe. Kwa kawaida hupatikana mchana huo akipanga meza. Ukingoja hadi jioni, shehena imeshagawanywa, na utakula saladi hadi bandari ya kwanza.