Katapila linavuta upande mmoja: usikimbilie kufungua klachi

Opereta akilalamika kwamba katapila linavuta kushoto, muulize kwanza: linavuta likiwa linasukuma mzigo tu, au hata likitembea tupu? Jibu lake litakuokoa na kufungua boliti bure. Klachi za stelingi, zile zinazokata nguvu ya upande mmoja ili mashine igeuke, husingiziwa makosa mengi ambayo yako nje kabisa, kwenye cheni, yanayogundulika kwa kamba na futi.

Maelezo haya ni ya mashine zenye klachi na breki kila upande. Kama lako linageuka kwa mota ya haidroliki na diferensha, soma ya cheni, ya klachi ruka.

Cheni kwanza

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Wembere kule Igunga, hujishindilia kati ya meno ya sproketi (gurudumu linalozungusha cheni) na bushi (mirija inayovaa pini za cheni) hadi cheni inakaza yenyewe bila mtu kuongeza grisi. Upande uliokaza unakuwa mzito, na mashine huvutwa huko. Kwa hiyo kwenye kazi ya matope usioshe cheni kabla ya kuipima. Ukiirekebisha ikiwa safi, matope yakirudi itakaza kupita kiasi, na hapo ndipo aidla (gurudumu la mbele la cheni) na rola zinapoumia. Kwenye mchanga wa Urambo hofu ni nyingine: mchanga husaga kama msasa, na cheni iliyokazwa mno huongeza kasi ya msasa huo.

Peleka mashine mbele kwenye tambarare, mara mbili ya urefu wake, uiache isimame yenyewe bila breki. Shusha bledi chini, funga loki, zima injini. Nyoosha kamba juu ya kucha za shoo, yaani bamba za cheni zinazokanyaga ardhi, kutoka aidla ya mbele hadi rola ya juu, kisha pima nafasi pale cheni iliponing'inia zaidi. Komatsu D65 hutaka mm 20 hadi 30. Mashine nyingine huruhusu zaidi, kwa hiyo kitabu cha mashine yako ndicho hakimu. Pande mbili zilingane. Tofauti kati yao ndiyo inayovuta.

Kukaza ni kupiga grisi kwenye silinda ya kukazia. Kulegeza ndiko kunakojeruhi watu: grisi iliyo ndani ina shinikizo la kutoboa ngozi. Legeza vali mzunguko mmoja tu, ukae pembeni, uso mbali na tundu. Grisi ikigoma kutoka, usiendelee kufungua. Sogeza mashine mbele na nyuma kidogo. Cheni uliyoikaza jioni ikikutwa imelegea asubuhi, tafuta grisi iliyovuja: sili ya silinda imekwisha, na kupiga grisi kila siku si dawa.

Cheni ikiruka meno wakati wa kurudi nyuma, ama imelegea ama imerefuka. Cheni hairefuki kwa kuvutika chuma. Pini na bushi ndizo zinazolika ndani. Weka pini kuukuu kati ya jino la sproketi na cheni, rudi nyuma taratibu hadi cheni inyooke na kukaza, kisha zima injini. Pima kutoka ukingo wa pini moja hadi ukingo uleule wa pini ya tano, yaani pingili nne, bila kuhusisha pini ya kuungia. Linganisha na jedwali la kitabu. Bushi zikigeuzwa mapema, cheni hupata maisha ya pili; ukichelewa zinapasuka na hakuna cha kugeuza. Wala usifunge cheni mpya kwenye sproketi iliyochongoka meno, maana itaiharibu upesi. Opereta anayependa kurudi nyuma kwa gia kubwa anazila bushi haraka kuliko yule anayesukuma mzigo mzito.

Mara tu baada ya kazi, sogeza kiganja karibu na pini moja moja bila kugusa. Kwenye cheni ya oili, ambayo pini zake zimefungiwa oili ndani, ile yenye joto kuliko wenzake imekauka. Rola yenye udongo uliolowa oili pembeni inavuja sili. Meno ya sproketi yakilika ubavu mmoja, au pingili zikilika upande wa ndani tu, fremu imepinda au bamba za kuongozea aidla zimekwisha.

Ndipo klachi na breki

Likivuta likiwa linasukuma mzigo tu, sukuma tuta gumu kwa gia ya kwanza, sekunde chache tu, jicho likiwa kwenye geji ya joto. Cheni moja ikisimama huku nyingine ikizunguka, klachi ya upande uliosimama inateleza, na mashine itavuta upande huohuo. Kabla ya kulaumu diski za klachi, shika mkono wa stelingi: usipokuwa na mchezo (nafasi ya kulegea kabla haujaanza kuvuta) wowote, klachi imeachia nusu muda wote, kama gari ambalo dereva amelaza mguu kwenye pedali.

Likivuta hata likiwa tupu, na nyumba ya breki ya upande huo ikawa na joto kuliko ya pili, breki inabana. Ukivuta mkono na kukanyaga breki, kisha cheni ya ndani ikaendelea kutambaa, breki imelegea au bitana zake zimekwisha.

Pande zote mbili zikidhoofika pamoja kwenye mashine ambayo klachi zake zinaendeshwa kwa presha ya haidroliki, usiguse diski. Angalia kiwango cha oili, filta na chujio, halafu presha ya pampu. Upande mmoja tu ndio unaokupeleka kwenye sili na diski.

Malalamiko mengine si ugonjwa. Kwenye mteremko, ukivuta mkono wa stelingi wa kulia bila breki, mashine hukata kushoto, kwa sababu cheni ya kulia imeachiwa na inakimbia. Opereta mgeni huandika hilo kwenye daftari kama hitilafu.

Klachi kavu, ile isiyofanya kazi ndani ya oili, ikiteleza, fungua plagi ya chini ya chumba chake. Oili ikitiririka, sili ya upande wa gia imepitisha. Kuosha diski kwa kiyeyusho kisichoshika moto haraka kunaweza kusaidia kwa muda, lakini bila kubadili sili oili itarudi. Petroli usiitumie kabisa. Cheche moja ndani ya chumba kile inatosha.