Somo: Kushea printa ya USB kutoka Linux kwenda Windows bila kumwaga karatasi

Swali hili linarudi kila mara, kwa hiyo someni hapa kwanza. Mfano wetu: printa ya USB iko kwenye Ubuntu yenye CUPS (programu ya Linux inayosimamia uchapaji), kwa jina la Ofisi; watumiaji wako kwenye Windows.

1. Ipe seva IP isiyobadilika kwenye ruta. Tuseme 192.168.1.20.

2. `sudo cupsctl --share-printers`, halafu `sudo lpadmin -p Ofisi -o printer-is-shared=true`. Kama ufw (ngome ya mtandao ya Ubuntu) imewashwa: `sudo ufw allow 631/tcp`.

3. Kwenye Windows ongeza printa kwa anwani: `http://192.168.1.20:631/printers/Ofisi`

4. Dreva. Hapa ndipo rimu zinapoishia. Kazi ichujwe, yaani igeuzwe kuwa lugha ya printa, sehemu moja tu. Ukitaka seva ichuje, Windows ipe dreva ya PostScript (lugha ya kuelezea kurasa), MS Publisher Imagesetter (ya rangi ni MS Publisher Color Printer), na CUPS itaigeuza kuwa lugha ya printa. Ukitaka dreva ya mtengenezaji, fungua foleni ya pili isiyochuja (ghafi, au raw): `sudo lpadmin -p OfisiGhafi -E -v URI -m raw`. URI ni anwani ya printa, utaiona kwa `lpinfo -v`. CUPS itakuonya kwamba foleni za raw zitaondolewa matoleo yajayo. Ni kweli, ndiyo maana napendelea njia ya kwanza.

ONYO: usitume PostScript kwenye foleni ghafi kama printa inaelewa PCL (lugha nyingine ya printa) peke yake. Itachapa msimbo wenyewe, kuanzia `%!PS-Adobe-3.0`, karatasi baada ya karatasi. Ikianza, chomoa trei, andika `cancel -a OfisiGhafi`, ndipo uzime printa. Ukizima printa bila kufuta foleni, ikiwaka inaendelea.

Swali: Yangu haiprinti, msaada wa haraka.
Jibu: Printa gani? `lpstat -t` inasema nini? Bila hayo hakuna wa kukusaidia.

Swali: Mkuu, mimi ni Windows kwa Windows, naona hitilafu 0x0000011b.
Jibu: Ilianza na masasisho ya Septemba 2021. Sasisha kompyuta zote mbili. Kuweka RpcAuthnLevelPrivacyEnabled kwenye rejista ya Windows kuwa 0 kunafungua tundu la usalama lililozibwa, usifanye.
Swali: Mbona kila mtu YouTube anaweka 0?
Jibu: Nimeshasema kwa nini usiweke.

Swali: Foleni inaandika "Filter failed". Nitajuaje ni chujio gani kimekwama?
Jibu: Swali zuri sana. Washa `sudo cupsctl --debug-logging`, tuma ukurasa mmoja, fungua `/var/log/cups/error_log` utafute namba ya kazi yako. Vichujio vimeorodheshwa kwa mpangilio; tafuta kilichosimama kwa hitilafu. Mara nyingi kifurushi cha dreva hakijawekwa, au plagini ya mtengenezaji inakosekana. Ukimaliza, `--no-debug-logging`, maana faili hilo hunenepa haraka.

Mchangiaji: Niongeze: kazi ikifika halafu printa ikapepesa taa tu, angalia saizi. Huenda inasubiri karatasi ya saizi ya Letter na trei ina A4. `sudo lpadmin -p Ofisi -o PageSize=A4`.
Jibu: Sahihi kabisa. Na kwenye Windows pia, maana saizi iliyo ndani ya waraka ndiyo inayofuatwa.