Kosa likirudi lije na kanzu nyengine: namna ya kuandika hadithi ya vita vya mkoloni

Jamani wengi wetu tukitaka kuandika vita vya mkoloni hapa Unguja tunakimbilia tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipoipiga kasri ya Sultani kwa mizinga, na kwa vile vilikwisha ndani ya dakika kama arubaini tunaishia kuandika kichekesho. Watu karibu 500 walikufa au kujeruhiwa upande wa kasri, sasa kicheko kinatokea wapi?

Usianzie hapo. Anzia 1893, Sultani Ali bin Said kafariki, Khalid bin Barghash kaingia kasri kudai kiti, Waingereza wakamkatalia, akatoka zake. Miaka mitatu baadae kafariki Sultani aliyefuata, Hamad bin Thuwaini, huyo Khalid kaingia tena, mtu yule yule jambo lile lile, ila safari hii hatoki. Hadithi yako iko hapo bwana we, kwenye hiyo "hatoki". Usimwambie msomaji "ona anarudia kosa", mpe Khalid sababu za kuamini mara hii mambo mengine: ana askari, ana mizinga, bandarini ipo Glasgow, meli aliyoiagiza baba yake mwenyewe na wakaijenga hao hao Waingereza. Tena aliwajibu kabisa kuwa haamini kama watampiga. Andika mpaka msomaji naye aseme hata mie ningebaki. Ukimfanya mjinga umeharibu, mjinga harudii kosa, yeye hulifanya tu.

Halafu saa, tafadhali. Mie mara ya kwanza niliandika mizinga imeanza saa tisa asubuhi, nimeitoa kwenye kitabu cha Kizungu bila kufikiri, nikaenda kuisoma barazani watu wanakunywa kahawa, mzee mmoja akaniuliza, "Saa tisa si watu wanangoja alasiri mwanangu, au siku ile jua lilitokea magharibi?" Walinicheka wiki nzima. Ni saa tatu na dakika mbili.

Sasa kurudi kwenyewe. Glasgow ilizamishwa pale pale bandarini, milingoti ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, manowari Pegasus ya Waingereza imetia nanga bandari ile ile inatengenezwa mashine, ikaja Königsberg ya Wajerumani ikaipiga. Yaani Mwingereza aliyepiga meli iliyotia nanga sasa yeye ndo katia nanga. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo karibu na mji, nenda na boti ukaone makaburi kabla hujaandika, upepo wa pale hautoki kitabuni.

Mie ningemweka mvuvi, 1896 ana miaka kumi, 1914 ana ishirini na nane na watoto wake. Asihutubie. Aione ile Pegasus haitoi moshi, aivute ngalawa yake juu zaidi ya anapoivuta kila siku, mkewe amuulize kuna nini, aseme hamna kitu.

Ukimaliza soma kwa sauti mbele ya watu. Mtu akikudakia kabla hujafika, "ahaa, hii nayo inazama", rudi nyuma utafute uliporopoka, mara nyingi ni sentensi moja tu umeiandika kwa kuionea raha. Ifute, hata kama ndo unayoipenda kuliko zote.