Barua ya DLA kugeuka PIP: namna ya kuisoma na kuijibu

Alhamisi moja mama mmoja alinijia na mfuko wa plastiki uliojaa bahasha za kahawia. Nne zilikuwa hazijafunguliwa. "Mwanangu, nikiziona tu tumbo linanikata," akaniambia. Kijana wake ana usonji na alikuwa ametimiza miaka 16. Barua ya kwanza ilimtaka aombe malipo mapya kabla ya tarehe iliyotajwa. Ya tatu ilisema malipo ya zamani yamesimamishwa. Zilibaki siku sita yafungwe kabisa. Tulipiga simu pale pale mezani, na malipo yakarudi.

Katika kazi hii ya kuwasomea watu wetu barua hapa Uingereza, nimeona wengi wenye haki kamili wakikosa mafao kwa sababu hawakujibu. Kwa hiyo nataka nikuoneshe ninavyofanya mimi, nikiwa na kalamu mkononi na barua mezani.

Kwanza ujue kinachobadilika. DLA (Disability Living Allowance) ni malipo ya ulemavu yaliyoanza mwaka 1992. Aprili 2013 yakaanza malipo mapya ya ulemavu, PIP (Personal Independence Payment), na watu wazima wakawa wanahamishwa huko kidogo kidogo. Waliozaliwa tarehe 8 Aprili 1948 au kabla yake waliachwa kwenye DLA. Mtoto hubaki kwenye DLA mpaka afike miaka 16, kisha hutakiwa kuomba PIP. Ninayoeleza hapa ni ya England na Wales. Scotland ina mfumo wake, na barua zake hutoka Social Security Scotland.

Hatua ya 1: Fungua siku hiyo hiyo, tafuta tarehe mbili

Tarehe ya kwanza iko juu ya barua. Ya pili ni ya mwisho wa kujibu, mara nyingi iko katikati ya maelezo. Zipigie mstari zote mbili. Muda huhesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye barua, hata kama bahasha ilichelewa njiani au ilikaa juu ya friji. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo nyumba nzima inaiona.

Hatua ya 2: Jua barua inataka nini

Barua ya kukuambia uombe PIP haisemi kwamba umenyimwa. Watu wengi huisoma wakaona neno "end" karibu na DLA, wakakata tamaa. Maana yake ni hii: una siku 28 za kuanza maombi. Usipoanza, DLA husimamishwa kwa siku 28 nyingine, kisha hufungwa. Ukianza kwa wakati, DLA inaendelea kulipwa mpaka uamuzi utoke, na majuma kadhaa baada yake.

Ukishaomba, huja fomu ndefu inayouliza ulemavu unakuathiri vipi. Hiyo una mwezi mmoja kuirudisha. Ukiona huwezi kuimaliza, piga simu kabla muda haujaisha uombe nyongeza. Baadaye huja barua ya miadi ya tathmini: kwa simu, kwa video au ana kwa ana. Usikose miadi bila kutoa taarifa, kwani maombi yanaweza kukataliwa kwa hilo peke yake.

Wazazi, hapa msikilize kwa makini. Kijana akifika miaka 16, serikali humhesabu kuwa anaweza kushughulikia PIP yake mwenyewe. Kama hawezi, mzazi lazima akubaliwe rasmi kuwa mwakilishi wake. Kwenye barua neno ni "appointee". Kwamba ulikuwa unapokea DLA yake tangu akiwa mdogo hakutoshi. Barua ikiuliza juu ya mwakilishi, ijibu hata kabla ya mengine.

Hatua ya 3: Jibu kwa mambo unayoshindwa kufanya

Hapa ndipo watu wetu huumia zaidi, na sababu yake naipenda na inanisikitisha kwa pamoja. Tumelelewa kutolalamika. Mgonjwa wa wiki tatu ukimwuliza "hujambo?" atasema "sijambo", kisha ataongeza "namshukuru Mungu". Mtathmini akikuuliza hali yako nawe ukajibu kwa adabu hiyo, anaweza kuandika kwamba u mzima. Shukuru, kisha eleza.

PIP haihesabu jina la ugonjwa. Inaangalia shughuli 12: kumi za maisha ya kila siku, kama kupika, kula, kuoga, kuvaa, kutumia dawa, kusoma na kuchangamana na watu, na mbili za kutembea na kusafiri. Kila shughuli ina ngazi zake za pointi. Swali ni kama unaweza kuifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachofaa, kila inapohitajika, na bila kuchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na ulemavu. Na hali hiyo iwe inakupata katika siku nyingi kuliko nusu ya siku zote za mwaka.

Kwa hiyo usiandike "napika kidogo". Andika: "Nikisonga ugali mkono unakufa ganzi. Mara mbili mwezi uliopita sufuria ilinidondoka ikaniunguza mguu. Sasa mke wangu ndiye anayepika, mimi nakaa tu jikoni." Kupika kunakopimwa ni chakula rahisi cha mtu mmoja, kwa viungo visivyopikwa kabla. Kama hicho kinakushinda, sema kinakushindaje, mara ngapi kwa wiki, na nini hutokea ukijaribu. Kwa kutembea, taja mita. Asiyeweza kupita mita 20 hupata pointi 12. Anayeweza kupita 20 bila kifaa lakini hafiki zaidi ya 50 hupata 8. Nenda nje upime, uhesabu, uandike.

Fomu uipige picha kila ukurasa. Ukiituma kwa posta, mwombe wa dirishani uthibitisho wa kutuma, ni bure.

Hatua ya 4: Soma jedwali la pointi kwenye uamuzi

Barua ya uamuzi ina kurasa nyingi, lakini moyo wake ni pointi. Kuna sehemu mbili, maisha ya kila siku na uwezo wa kutembea, na kila moja huhesabiwa peke yake. Pointi 8 hadi 11 ni kiwango cha kawaida. Kuanzia 12 ni kiwango cha juu. Chini ya 8, sehemu hiyo hulipwi. Pointi 6 huku na 6 kule haziunganishwi zikawa 12.

Chukua kalamu, pitia shughuli moja moja, na kando yake andika pointi unazoona zilikustahili na kwa nini. Karatasi hiyo ndiyo utakayoitumia hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Kama hukubali, pinga

Kwanza unaomba uamuzi uangaliwe upya. Barua inaita "mandatory reconsideration". Una mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi. Wakibaki na msimamo wao, watakutumia barua nyingine, nawe una mwezi mmoja kukata rufaa kwenye jopo huru, lisilo la idara iliyokunyima. Usiishie kwenye jibu la kwanza. Lakini ujue pia kwamba wanaweza kuongeza, kuacha au kupunguza, kwa hiyo kama tayari umepewa sehemu, kaa na mshauri wa Citizens Advice, shirika linalowashauri watu juu ya haki zao, kabla hujaandika. Huduma yao ni bure.

Angalia pia yanayofungamana. Ndugu anayekutunza akipokea Carer's Allowance, yaani malipo ya mtunzaji, haki yake inategemea sehemu yako ya maisha ya kila siku. Gari la Motability, mpango wa kukodisha magari kwa wenye ulemavu, linategemea kiwango cha juu cha kutembea. PIP ikipungua, hayo nayo hutikisika, kwa hiyo uliza mapema.

Na Kiingereza kikikulemea, usimwache mtoto wa darasa la sita akutafsirie ugonjwa wako. Nambari za simu zinazoanza na 0800 hazikugharimu kitu. Wakipokea, sema maneno mawili tu, "Swahili interpreter", usubiri kwenye laini, na uwe na barua mkononi pamoja na nambari yako ya bima ya taifa: herufi mbili, tarakimu sita, kisha herufi moja.