Kutyuni Surge XT kwa ajili ya taarab: robo toni, faili za Scala na nobu za MIDI

Ukipiga maqam (skeli ya muziki wa Kiarabu) ya Rast kuanzia C kwenye kinanda cha kawaida, sauti ya tatu haipatikani. E iko juu mno, E flati iko chini mno, na ile anayoigusa mpiga udi au fidla ipo katikati yao. Mpiga ganuni hugeuza vidude vidogo vya chuma vilivyo chini ya nyuzi, sauti ikashuka, akaendelea. Mwenye kinanda ana vitufe 12 tu kwa oktava, kila kimoja kikiwa senti 100, yaani nusu toni, kutoka kwa jirani yake, na wengi huishia kupiga meja huku wakiiita Rast. Sauti hiyo inaweza kurudishwa bila kununua kinanda kingine. Surge XT ni sintesaiza ya bure ya Windows, macOS na Linux. Claes Johanson, aliyeiunda, aliufungua msimbo wake mwaka 2018. Inasoma moja kwa moja faili za tyuni za Scala, yaani faili fupi za maandishi zinazotaja kila sauti ya skeli iwe wapi.

Kwanza kinanda kisikike

Anza na Surge XT inayojiendesha yenyewe, si plagini ndani ya programu ya kurekodia, ili hitilafu ikitokea ujue iko wapi. Bofya "Options" juu kushoto, ingia "Audio/MIDI Settings", kisha weka alama kwenye jina la kinanda chako katika orodha ya MIDI, lugha ambayo kinanda huitumia kuiambia kompyuta noti gani imepigwa. Sampuli 48000 kwa sekunde na bafa (fungu la sampuli linalokusanywa kabla ya kutolewa) ya 256 zinatosha: bafa hiyo inachelewesha sauti kwa milisekunde 5.3. Bafa ya 512 inafikisha 10.7, na mpigaji mwenye vidole vyepesi ataanza kuihisi. Ukishuka hadi 64, kompyuta ya zamani itakwaruza. Kwenye Windows chagua "Windows Audio (Exclusive Mode)", uachane na DirectSound.

Kinanda kinaonekana kwenye orodha lakini hakitoi sauti? Matoleo mengi ya Windows huikabidhi programu moja tu milango ya MIDI kwa wakati mmoja. Funga programu ya kurekodia, kisha weka alama upya.

Kinanda kiwe chaneli 1. Surge huipeleka chaneli 2 kwenye Scene A na chaneli 3 kwenye Scene B, sehemu zake mbili zenye sauti mbili tofauti, kwa hiyo kinanda kilichosahaulika chaneli 3 kitatoa sauti tofauti kabisa na ile unayoiona kwenye skrini. Kibonye cha MPE nacho kizimwe, isipokuwa una kinanda kinachotuma kila noti kwa chaneli yake. Katika MPE mpindo wa noti moja unaweza kufika nusu toni 48, yaani oktava nne, na gurudumu la mpindo likiguswa kidogo tu noti inatoroka.

Faili la skeli

Wazo ni kubaki na vitufe 12 kwa oktava ili vidole visipotee, ila vitufe viwili vishushwe robo toni: E na B. Fungua kihariri cha maandishi matupu uandike hivi:

```
! rast_c.scl
Rast ya C, vitufe 12
12
100.0
200.0
300.0
350.0
500.0
600.0
700.0
800.0
900.0
1000.0
1050.0
2/1
```

Mstari unaoanza na alama ya mshangao hausomwi. Mstari wa kwanza usio na alama hiyo ni maelezo, wa pili ni idadi ya sauti, kisha zinafuata sauti zenyewe. Sauti ya msingi, yaani senti 0, haiandikwi; programu inaijua. Ya mwisho ndiyo oktava, na 2/1 maana yake ni mtetemo mara mbili.

Nukta ndiyo inayoharibu faili nyingi. Namba yenye nukta ni senti; isiyo na nukta ni uwiano. Ukiandika 350 badala ya 350.0, umeiambia Surge ipandishe sauti mara 350 ya msingi, na kitufe cha E kitapiga mlio ambao sikio halioni maana yake au halisikii kabisa. Mkato badala ya nukta nao haukubaliki. Idadi nayo ilingane: ukiandika 12, ziwepo sauti 12 chini yake, oktava ikiwemo. Mwisho, Notepad ya Windows hupenda kuongeza .txt nyuma ya jina. Wakati wa kuhifadhi chagua aina zote za faili. Kwenye TextEdit ya Mac badilisha kwanza hati iwe maandishi matupu.

Sasa fungua menyu ya Surge, kona ya chini kulia, ingia "Tuning" na uchague "Load .scl Tuning". Unaweza pia kuliburuta faili na kuliachia juu ya dirisha la Surge. Bila maelekezo mengine, skeli inaanzia noti namba 60, C ya kati, kwa hezi 261.6256, kwa hiyo C, D, F, G na A zinabaki palepale zilipo kwenye kinanda chochote kingine.

Pima kabla ya kupiga wimbo. Kwa programu ya kutyunia gitaa, E iliyo juu ya C ya kati isome takriban hezi 320.2 badala ya 329.6, na B isome 479.8 badala ya 493.9. Mshale utayumba kati ya E iliyoshuka senti 50 na E flati iliyopanda senti 50. Usishtuke, hapo ndipo ulipotaka.

Faili hilo moja linabeba zaidi ya Rast. Bayati ya D imo: D, E iliyoshushwa, F, G, A, B flati, C. Saba ya D imo pia, ukitumia G flati kama sauti ya nne. Sika inaanzia kwenye E iliyoshushwa yenyewe. Hijazi ya D hutumia E flati na F shapu, ambazo hatukuzigusa. Bayati hukaa toni moja juu ya Rast, kwa hiyo ukijua msingi wa Rast umejua na wa Bayati.

Kuhusu 350 yenyewe: ni mahali pa kuanzia tu. Rast ya Kituruki huiweka sauti ya tatu juu zaidi, karibu na E ya kawaida, na Waarabu wenyewe hawaipigi sawa kutoka mji hadi mji. Kongamano la muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932 lilijadili kuigawa oktava katika robo 24 zilizo sawa, na wajumbe hawakuafikiana. Kama una rekodi ya fidla unayoiheshimu, piga pamoja nayo, badilisha 350.0 iwe 355.0 au 345.0, pakia upya, sikiliza tena. Sikio la mwimbaji wako ndilo lenye kauli ya mwisho.

Mwimbaji akitaka ufunguo mwingine

Usitumie kibonye cha kuhamisha ufunguo kilicho kwenye kinanda. Kinahamisha namba za noti, robo toni zinabaki palepale kwenye E na B, na vidole vyako vinaangukia pasipo. Tumia faili la pili, la ramani ya vitufe. Hili ni la Rast ya G:

```
! msingi_g.kbm
0
0
127
67
67
391.9954
0
```

Kwa mpangilio: ukubwa wa ramani (0 maana yake vitufe vyote vifuatane bila kurukwa), noti ya kwanza, noti ya mwisho, noti ambako skeli inaanzia, noti ya rejea, mtetemo wa noti hiyo ya rejea, na digrii ya oktava, ambayo katika ramani tupu huachwa 0. Lipakie kwa "Load .kbm Keyboard Mapping". Robo toni sasa zimehamia B na F shapu, na Bayati ya A imekuja pamoja nazo.

Noti ya rejea iwe msingi wenyewe wa maqam. Wengi huandika 69 na 440.0 kwa mazoea, na kwa G inafanya kazi vizuri. Kwa F inaharibika: A ni digrii ya nne ya skeli (sauti ya nne katika orodha ya faili, msingi ukiwa 0), yaani kitufe kilekile kilichoshushwa. Ukiilazimisha A iliyoshushwa iwe hezi 440, sintesaiza nzima inapanda senti 50 juu ya wenzako, na hakuna atakayeelewa kwa nini kila kitu kimepinda. B flati ina mtego huohuo, kwa sababu A ni digrii yake ya 11. Kwa F andika 65 na 349.2282, kwa D andika 62 na 293.6648.

Tumia namba, si majina. Noti 60 huitwa C4 kwenye Surge, lakini programu nyingine huiita C3.

Gurudumu la mpindo

Katika menyu ya "Tuning" kuna chaguo mbili: "Apply Tuning at MIDI Input" na "Apply Tuning After Modulation". Kwa kazi hii chukua ya kwanza. Tyuni inahusu vitufe tu, na mpindo, mtikisiko wa LFO (kitikisaji cha polepole) na oktava za oksileta (vyanzo vya mlio) vinabaki katika nusu toni za kawaida. Ukichukua ya pili, mpindo unafuata hatua za skeli: kutoka E flati kwenda juu hatua moja ni senti 50, kutoka hapo kwenda F ni 150, na lile pindo la fidla linatoka na kona. Weka upana wa mpindo kuwa 1 au 2. Gurudumu sasa ni la madoido, si la kutafutia robo toni.

Nobu na vitelezi

Bofya kulia kitelezi chochote cha Surge, chagua "MIDI Learn", zungusha nobu, imeungana. Njia iliyo bora zaidi ni makro nane zilizopo, yaani nobu za Surge unazozipangia kazi mwenyewe: kwa kuanzia zinasikiliza CC (namba za MIDI za nobu na kanyagio) 41 hadi 48. Panga nobu zako zitume namba hizo, kisha bonyeza jina la makro mpaka liwe la kijani na uburute kitelezi cha filta (kichujio cha sauti) hadi unapotaka mwisho wake uwe. Nobu yote, kutoka 0 hadi 127, inafanya kazi ndani ya eneo ulilolichagua, na hatua hazisikiki kama zingefanya zikitandazwa kwenye filta nzima.

CC 1 iache kwa gurudumu la modulesheni (si lile la mpindo), 7 kwa ukubwa wa sauti, 11 kwa kanyagio la kukuza na kupunguza, 64 kwa kanyagio la kushikilia. Usiunganishe 0, 6, 32, 38, 98 hadi 101, wala 120 hadi 127. Hizo zina kazi za mfumo, na 123 huzima noti zote.

Hifadhi ramani ya nobu kutoka "MIDI Settings" na uifanye chaguo-msingi, la sivyo kila dirisha jipya la Surge litaanza upya. Tyuni ni suala jingine: unapohifadhi sauti, weka alama ya kuhifadhi tyuni ndani yake. Ndani ya programu ya kurekodia, weka Surge mbili kwenye traki mbili, moja ya robo toni kwa nyuzi na nyingine ya kawaida kwa besi. Faili likipakiwa na sauti isibadilike, angalia kama kuna MTS-ESP, mfumo unaoendesha tyuni ya mradi mzima. Ukiwapo, Surge zote huufuata huo na kuliacha faili lako.