Dawa ya dizeli: jinsi ya kujua kama kweli inapunguza moshi

Juzi nahodha mmoja wa Shela alinijia na kichupa. "Ami, dawa hii imemaliza moshi." Kumbe siku aliyoitia ndiyo aliyobadilisha filta ya hewa. Basi tulipima upya, hivi:

1. Safisha nozeli na filta kwanza. Mashine iwe ya bomba kavu. Inayotema moshi pamoja na maji itakusumbua bure.

2. Tazama rangi. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Mweupe ni dizeli isiyoungua, na hapo dawa ya kupandisha setane (wepesi wa dizeli kuwaka) huweza kusaidia. Bluu ni oili: nunua ringi, wacha vichupa.

3. Dumu la kando. Hapa nilipoteza siku mbili zamani. Nilitia dawa tangini, nikapima, nikamwaga, nikajaza dizeli tupu. Moshi ukabaki vilevile. Sikukumbuka kwamba dizeli isiyochomwa hurudi tangini kwa paipu ndogo, na filta nayo ilikuwa imejaa mafuta ya dawa. Siku hizi nachukua madumu mawili ya lita 5, dizeli ya pampu moja, siku moja. Paipu ya kuvuta na ya kurudisha zote ziingie dumu moja. Ukibadilisha dumu, badilisha filta pia au imwage, na mafuta ya mwanzo yanayorudi yaelekeze kwenye kopo la taka. Toa hewa, kisha iache mashine ingurume dakika 20. Dawa ya moja kwa elfu ni mililita 5 kwa dumu, kwa sirinji. Kifuniko cha chupa si kipimo!

4. Funga boti gatini, tia gia, mizunguko iwe ileile. Mkondo hubadilisha mzigo wa rafadha, kwa hivyo pima siku za maji mafu, si bamvua.

5. Shika karatasi nyeupe ya chujio kwa koleo, shibiri moja kutoka mdomo wa bomba, sekunde 10. Rudia mara tatu. Picha za simu siziamini, simu hujirekebishia mwanga yenyewe.

6. Anza na dizeli tupu, kisha ya dawa, kisha tupu tena. Karatasi ya mwisho ikiwa nyeupe kama ya dawa, ni mashine iliyopata moto tu. Karatasi huonyesha masizi tu. Gesi chafu za moshi, kama oksidi za nitrojeni, zataka kipima gesi.

Karatasi za nahodha zilifanana zote. Kichupa kiko kwangu, kimebaki nusu. Anayekitaka aje na madumu yake.