Somo: Blitzi ya chess kwa wadada, fungua na London usiliwe na saa

Haya wadada, mmeniuliza sana blitzi, yaani gemu za chess za haraka, tufungue na nini. Ubingwa wa dunia wa wanawake ni dakika 3 kila mtu na sekunde 2 zinaongezwa kila muvu, sasa ukikaa kuwaza sekunde 40 kwenye muvu ya tano umekwisha hata kama kete zako zimekaa fresh. Na msiniambie bado wadogo, Bibisara Assaubayeva alibeba ubingwa huo Warsaw 2021 akiwa na miaka 17.

Mi nawapa London, ni mpango wa kufungua gemu ukiwa na nyeupe. Siyo kali kuliko zote ila mkono unaizoea haraka.

1. Kitunda d4, askofu f4, ndo usukume e3 (hizo herufi na namba ni majina ya viboksi vya ubao). Ukianza na e3 askofu umemfungia ndani mwenyewe.

2. c3, farasi d2, askofu wa pili d3. Farasi wa g1 msimkimbize.

3. Hapa ndo watu wanalia. Mweusi anasukuma c5 mapema halafu malkia b6, anakitolea macho kitunda cha b2. Weka malkia wako b3. Akisukuma c4 rudi c2, hapo anaweza kukuletea askofu f5 kama zawadi vile, ukimla wakati farasi wako bado yuko b1 basi malkia wake anakula b2 na ngome ya a1 haina pa kutokea. Rudi c1 tu, b2 inalindwa. Ila kama farasi kashafika d2 mle huyo askofu, ngome inatokea b1.

4. Saa bonyeza kwa mkono uleule uliochezea. Muvu haramu ya kwanza mpinzani anaongezewa dakika 1, ya pili umepoteza gemu.

MASWALI

– Mwalimu, akileta farasi h5 kumfukuza askofu wangu?
– Ndo maana nikasema wa g1 atulie! Ukishasukuma e3 na f3 iko wazi, malkia anatoka d1 anamla huyo farasi bure kabisa. Kama wa g1 ulishampeleka f3, askofu arudi g3, akimla we kula na kitunda cha h, ngome yako inapata njia.

– Na akicheza g6 dada?
– Sukuma h3 askofu apate pa kujificha h2, yule mwingine mweke e2 badala ya d3 maana g6 imeshamzibia.

– Nikiwa na nyeusi je?
– Nyeusi wiki ijayo, kwanza hii iingie mkononi.